Wiki mbili za kuchungulia choo

Kamera ya kuchungulia tumbo, inayopitishwa kooni, yenyewe haikunisumbua. Nilipuliziwa dawa ya ganzi kooni, nikalala ubavu wa kushoto, wakakuta kinyama tumboni, kikubwa kama zabibu. Ndicho kilichokuwa kikivuja damu kidogo kidogo mpaka kipimo cha wingi wa damu yangu kikashuka hadi 8. Wakakikata kwa kitanzi cha umeme, wakapabana kwa klipu mbili, na kesho yake nikarudi nyumbani hapa Mwanza.

Kabla sijaondoka, daktari alinikalisha. Palipokatwa sasa ni kidonda, akasema, na kinaweza kutoa damu siku kadhaa baadaye, hata wiki ya pili; choo cheusi kingekuwa dalili yake. Nikapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya kumeza nusu saa kabla ya chai, kwa wiki 8, kwa sababu asidi ikizidi damu haigandi vizuri. Na diklofenaki, dawa ya maumivu, nisiiguse, wala aspirini: zote huchochea kuvuja damu.

Hapo ndipo palipouma. Mimi ni fundi cherehani, mgongo wangu umeishi kwa diklofenaki miaka mingi. Nilikusanya vidonge vyote vya droo ya mashine nikampa mke wangu avifiche, nikabaki na parasetamoli. Shemeji alipoleta vidonge vya kichwa nilisoma pakiti kwanza: ndani mlikuwa na aspirini. Mzee wa kitanda cha jirani wodini, aliyewekewa kibomba kwenye mshipa wa moyo, yeye aliambiwa asiache aspirini yake kwa uamuzi wake mwenyewe. Madaktari wake wangeshauriana. Dawa ileile, masharti tofauti.

Siku ya nne usiku, choo kikatoka cheusi. Miguu iliniisha nguvu. Nikapiga simu wodini. Nesi akauliza: "Baba, kinanata kama lami? Kinang'aa? Kina harufu kali isiyo ya kawaida? Ukisimama unaona kizunguzungu?" Hapana, kilikuwa kigumu, cheusi cha kijani. Akauliza ninakunywa dawa gani. Nikakumbuka vidonge vya kuongeza damu nilivyoanza juzi yake. Madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi. Hata hivyo akanitaka nije asubuhi nipimwe, na kama kizunguzungu kingeanza usiku, au nikatapika damu, nisingoje kupambazuke. Asubuhi damu ilikuwa 8.4. Haikuwa imeshuka.

Kosa lilikuwa langu: kabla ya kuvianza sikuuliza vingenibadilishia nini chooni.

Siku ya tisa baba mdogo akafariki Bukoba. Daktari alikuwa amenikataza kusafiri mbali na hospitali kwa wiki mbili, na kubeba mizigo. Nilituma rambirambi na mke wangu. Huko wakasema nimeona uvivu wa kuvuka ziwa, maana kwa sura nilikuwa mzima. Sikuwa na nguvu ya kueleza habari za klipu kwenye simu ya msiba.

Majibu ya kinyama yalirudi: si saratani. Mgongo bado unauma, ila nimeinua kiti cha cherehani kwa mto, na mke wangu hajaniambia alikovificha vile vidonge.