Kichwa kinachouma ukiinuka na kutulia ukilala

Mtu aliyechomwa sindano ya mgongo, iwe ya ganzi au ya kutoa maji ya uti wa mgongo, akilalamika kichwa siku chache baadaye, muulize kwanza: ukilala chali kinatulia? Kama kinatulia, na akiinuka kinarudi hadi shingoni, yaelekea tundu la sindano kwenye dura, utando mgumu unaofunika ubongo na uti wa mgongo, bado linavuja. Mtu mzima ana maji hayo kama mililita 150 tu kwa wakati mmoja. Yakipungua, ubongo hukosa wa kuubeba anaposimama, hushuka na kuvuta tando zenye hisia. Wengine masikio huvuma, wengine huona kitu kimoja kama viwili.

Sindano yenye ncha ya penseli hutanua nyuzi za dura; ile ya kukata huzichana, na mchano huvuja zaidi. Sindano nene ya epidurali, yaani ya ganzi inayowekwa nje tu ya dura, geji (kipimo cha unene) 16 hadi 18, ikipitiliza hadi kutoboa dura, zaidi ya nusu ya wagonjwa huumwa kichwa.

Mwanzoni hutolewa parasetamoli, pamoja na ibuprofeni kama tumbo na figo zinaruhusu. Kafeini miligramu 300 kwa mdomo husaidia katika saa 24 za kwanza. Jumla isizidi 900 kwa siku, na anayenyonyesha aishie 200 hadi 300. Kumlaza siku nzima kunampumzisha, hakuzibi tundu. Madripu ya ziada nayo hayana kazi kwa anayekunywa vizuri.

Maumivu yakimzuia kujihudumia au kumbeba mtoto, hakuna sababu ya kumwacha ateseke: ni wakati wa kiraka cha damu, yaani damu ya mgonjwa mwenyewe inayosukumwa mgongoni ili izibe tundu. Wahudumu wawili hufanya kazi kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Mmoja hutafuta nafasi ya epidurali, iliyo nje ya dura, kwenye pengo lilelile la pingili lililotobolewa au la chini yake, kwa kuwa damu hupanda zaidi kuliko inavyoshuka. Nafasi ikishapatikana ndipo wa pili avute damu mkononi mwa mgonjwa. Ikivutwa mapema huganda kwenye bomba. Husukumwa polepole, mililita 15 hadi 20, na mgongo ukiuma sana husimamishwa. Kisha mgonjwa hulala saa moja au mbili, na siku zinazofuata hanyanyui vizito wala kujikamua chooni.

Mwenye homa, maambukizi ya damu au dawa za kuzuia damu kuganda ambazo hazijaisha mwilini hafanyiwi. Kiraka kikiwekwa kabla ya saa 48 tangu kutobolewa, mara nyingi hakidumu. Nafuu ya papo hapo nayo isikudanganye: damu imesukuma maji juu tu, kuziba kwenyewe huja baadaye, na wengine huhitaji cha pili.

Baada ya upasuaji wa mgongo mambo ni mengine. Majimaji meupe kama maji yakilowesha bandeji, apelekwe kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, maana vijidudu vina njia ya kuingia hadi kwenye tando za ubongo. Huenda kidonda kikashonwa upya, au mrija ukawekwa kiunoni kutoa takribani mililita 10 kwa saa. Ukiachwa utiririke ovyo, unaweza kuleta damu kuvuja juu ya ubongo.

Lile swali la kulala liulizwe kila siku. Kichwa kikianza kuuma hata akilala, akasinzia kupita kawaida, akatapika, akapata degedege au udhaifu wa upande mmoja, kiraka kingine kisubiri: apigwe picha ya kichwa haraka.