Pilipili mbuzi ya nyumbani haikunisaidia kitu Bangkok

Waliotangulia kuishi Bangkok waliniambia mambo mawili kuhusu som tam: kwamba mtu aliyekulia Tanga hana cha kuogopa, na kwamba ikiniwasha ninywe maji ya baridi. Yote mawili ni upuuzi.

Som tam ni kachumbari ya papai bichi. Inapondwa kibandani mbele ya macho yako, kwenye kinu kirefu cha udongo, kwa mchi wa mbao. Hutangulia kitunguu saumu na pilipili, ndipo sukari ya mnazi, uduvi mkavu, nyanya, ndimu, sosi ya samaki na papai lililokatwa nyuzinyuzi. Karanga juu. Bei ni baht arobaini, hamsini, inategemea mtaa.

Pilipili zake ni vidogo vile vinavyofanana na pilipili kichaa yetu, na kwa kipimo cha ukali pilipili mbuzi inazishinda. Hapo ndipo nilipojidanganya. Pilipili mbuzi kwetu huelea juu ya mchuzi ikiwa nzima na kikonyo chake, inatoa harufu, na atakaye ukali huikamua kwenye sahani yake mwenyewe. Kule zinapondwa mbichi, pamoja na ule utando mweupe unaoshika mbegu, ambao ndio wenye moto mwingi kuliko mbegu zenyewe. Maji yake yanaingia kila uzi wa papai. Huna pa kukwepea.

Siku ya kwanza nilitamka "phet", yaani kali. Mama muuzaji akaniuliza mara ya pili kwa macho, mimi nikaitikia kwa kichwa kama jogoo. Akatupia konzi zima la pilipili. Matonge matatu ya mwanzo ni matamu, kwa sababu sukari na ndimu hutangulia mdomoni na kukulaghai. La nne lilinifikia masikioni. Kwikwi ikaanza. Nikanywa maji ya barafu: nafuu ilidumu muda ule tu maji yalipokuwa mdomoni, nilipomeza moto ukarudi, safari hii hadi kooni. Kiini cha ukali wa pilipili hakiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo unakitembeza tu. Soda ikawa mbaya zaidi. Kisha, kwa akili zangu, nikaagiza supu ya moto. Usifanye hivyo kamwe. Pilipili huamsha mlango uleule wa neva unaohisi joto la kuunguza (mwanasayansi David Julius alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 kwa kuugundua), kwa hiyo supu ilikuwa petroli juu ya moto.

Kilichoniokoa ni cha yen, chai ya barafu yenye maziwa. Usiigugumie. Ishike mdomoni, hesabu hadi ishirini, ndipo umeze. Protini ya maziwa hubeba ukali ule na kuondoka nao. Wali wa kunata nao unasaidia: finyanga kitonge, ukitafune taratibu. Na kabla hujagusa jicho, paka vidole mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Sabuni peke yake hainitoshi.

Mara ya pili nikaomba "mai phet", bila ukali, na bado nikatoka jasho. Nilidhani nimechezewa. Kosa lilikuwa la kinu: hakioshwi kila mteja anapobadilika, na udongo wake hushika pilipili za aliyenitangulia. Tangu hapo nafika mapema, kabla foleni haijaanza, au najipanga nyuma ya mama anayemwagizia mtoto.

Ujanja mkubwa lakini ni kuacha kusema kali au si kali. Kali ya nani? Taja idadi. "Phrik song met" ni pilipili mbili, na inua vidole viwili ili lafudhi yako isilete balaa. Halafu tazama mchi: mbili zilizopasuliwa kwa pigo moja hazilingani na mbili zilizosagwa zikawa uji. Ikisagwa moja, nahesabu mbili.

Niliongeza moja kila baada ya wiki mbili hivi, nikila mara mbili tatu kwa wiki. Ulimi huzoea kweli, ila ukikaa mwezi bila kula unaanza karibu upya. Tumbo tupu usilipeleke pale. Asubuhi yake utalipa deni chooni, kwa maana njia nzima ina milango ileile. Som tam yenye kaa mbichi wa chumvi nimeiacha, si kwa ukali bali kwa sababu yule kaa hapikwi.

Sasa mama yule akiniona ng'ambo ya barabara huinua vidole vitano kabla sijafika. Cha sita amewahi kukichungulisha mara moja, akicheka. Nilikikunja mwenyewe.