Kitabu cha ubatizo kilipolowa: namna tulivyokirudisha

Mabati mawili ya ofisi ya parokia yaling'oka usiku wa Jumapili, katikati ya mwezi wa nne, wakati huku kwetu upande wa Walungu, Kivu Kusini, Kongo, mvua hainyamazi. Maji yalishukia moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu. Kitabu cha ndoa kilinusurika. Cha kipaimara kililowa pembe tu. Cha ubatizo, kile cha mwaka 1988 hadi 1996, nilikiinua kikiwa kizito kama tofali bichi. Kina kurasa 300, watu wanne kila ukurasa, na theluthi ya mwisho, karibu watu 400, ndiyo iliyokunywa maji yote.

Leo, kati ya hao 400, wamebaki 11 tu ambao hatujawapata. Naandika tulivyofanya kwa sababu wiki ile nilipewa ushauri mbaya mwingi, tena na watu wenye nia njema, na najua kuna sekretari mwenzangu wa Kabare au Kalehe atakayepewa uleule paa lake likivuja.

Anayesema ni karatasi tu hajakaa kwenye kiti hiki. Kijana wa hapa anashuka Bukavu kutafuta maisha, anapata mchumba Kadutu, paroko wa kule anamwambia alete cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa. Cheti hicho hakitolewi kwa kukumbuka sura ya mtu. Unafungua kitabu, unasoma mstari wake pamoja na ile nafasi ya pembeni inayoandikwa kipaimara na ndoa, kama kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inavyodai. Pembeni pakifutika, mtu mwenye mke wa halali anaweza kuonekana mseja.

Sasa ule ushauri. Wa kwanza ulikuwa: kianike juani. Jua linakausha juu upesi na ndani kunabaki maji, karatasi inajikunja kama gome, wino unapauka. Wa pili: chana kurasa zote uzitundike kwenye kamba kama nguo. Ukichana umeua mpangilio, na mpangilio wa namba ndio utakaokuokoa baadaye, nitaeleza. Wa tatu ulinikasirisha kuliko yote: nakili yanayosomeka kwenye kitabu kipya, cha zamani kichomwe. Kitabu cha zamani kina sahihi za mapadri waliobatiza. Nakala yangu mimi sekretari haina uzito huo hata nikiiandika kwa dhahabu.

Wa nne tuliufuata, na nausikitikia mpaka leo. Tuliambiwa tupige pasi ya makaa, polepole, juu ya kitambaa. Tulianza na kurasa tatu. Ya kwanza ilionekana kunyooka vizuri, tukafurahi. Ya pili mvuke uliingia katikati ya karatasi, ule wino wa buluu wa chupa ukatanda kama wingu, na herufi zikapotea mbele ya macho yetu. Ya tatu ilishikana na ya nne, na tulipozitenganisha ngozi ya karatasi ilitoka na maandishi yake. Watu 12 ndani ya nusu saa. Mvua yenyewe ilikuwa haijawafuta; tuliwafuta sisi kwa pasi.

Baada ya hapo tukatulia. Ukungu huanza kuota kwenye karatasi mbichi baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo muda upo, ila si mwingi. Kitabu kililazwa mezani chumba cha katekesi, mbali na ukuta. Tulinunua bale moja ya karatasi ya chooni, ile nyeupe isiyo na maua wala harufu, dola kumi na kidogo kwa bei ya mlimani. Gazeti halifai, wino wake unahamia kitabuni. Unaweka karatasi mbili tatu za kunyonya kila baada ya kurasa kumi, si kila ukurasa, kwa sababu ukijaza sana mgongo wa kitabu unapasuka. Siku ya kwanza unazibadilisha kila saa mbili, usiku pia. Siku ya pili kila saa nne. Kitabu kikiwa hakitoi maji tena, kinabaki unyevu tu, unakisimamisha wima, kimefunguka kama feni, upepo upite.

Baridi ya mwezi wa nne haikaushi kitu, kwa hiyo tuliweka mbabula, yaani jiko la makaa, kwenye kona, hatua nne kutoka mezani, makaa yakiwa yameshawaka mekundu na hayatoi moshi. Dirisha na mlango vilibaki wazi muda wote. Hilo si kwa ajili ya kitabu tu: hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa inaua mtu bila kumwamsha. Kazi ilichukua siku tisa. Mwishoni tulikibana kati ya mbao mbili na mawe juu yake, wiki nzima. Palipoota ukungu hatukufuta kwa kitambaa chenye maji. Tulisubiri pakauke kabisa, tukapangusa nje ya nyumba kwa burashi laini, pua na mdomo vimefungwa kitambaa.

Kukauka si kusomeka. Hapo ndipo kazi ninayoipenda ilipoanzia.

Mapadri wa miaka ile hawakuandika kwa kalamu moja. Wengine walitumia biki, mmoja alitumia wino wa chupa. Biki inavumilia maji. Wino wa chupa unakimbia, lakini unakimbilia mahali: ulihamia ukurasa wa mbele yake, na ulihamia kwenye zile karatasi za chooni. Nilikuwa nimeanza kuzitupa. Mama mmoja wa Legio ya Maria, chama cha sala cha parokia, aliyekuwa akinisaidia akainua moja kwenye mwanga, akasema, "Sekretari, tazama, hapa kuna maneno yamegeuka." Kweli yalikuwa yamegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Nilitoa elfu mbili hivi za faranga sokoni Mugogo, nikapata kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Ukikisimamisha kandokando ya ukurasa, jina linajisoma lenyewe ndani ya kioo: herufi hafifu za buluu, lakini nyoofu, na mkia wa "y" ya padri yule unaoutambua popote. Tangu siku hiyo kila karatasi ya kunyonya iliandikwa namba ya ukurasa kwa penseli, ikahifadhiwa kwenye boksi. Kioo kile kilirudisha watu 60 na zaidi.

Kwa biki kuna njia nyingine. Biki inakandamiza karatasi, inaacha mfereji. Hata ngozi ya juu ikitoka na wino wake, mfereji mara nyingi unabaki chini. Subiri usiku, zima taa zote, laza tochi mezani ili mwanga uteleze juu ya ukurasa ukitokea ubavuni, usiumulike kutoka juu. Kila mfereji unatupa kivuli chake na herufi zinasimama. Mwanga utokee ubavu wa kushoto kwanza, halafu upande wa kichwa cha ukurasa, tochi ikiwa imelala vilevile, kwa sababu mstari unaolala sambamba na mwanga hauonekani. Ndiyo maana "t" inaweza kuonekana kama "l" mpaka usogeze tochi. Kama upande wa mbele umeharibika sana, geuza ukurasa. Kwa nyuma mfereji umekuwa mgongo uliovimba, unausoma kwa tochi na kioo pamoja. Kati ya wale 12 wa pasi, watano walipatikana hivyo.

Tulisoma wawili wawili. Mmoja anasoma herufi moja moja, mwingine anaandika. Halafu mtu wa tatu ambaye hakuwepo anasoma upya. Wakitofautiana, nafasi inabaki wazi. Jicho lililochoka linasoma linachotamani kusoma.

Waliobaki tuliwatafuta kwa watu wenyewe, na hapa tangazo la kwanza lilituangusha. Lilisomwa Jumapili baada ya komunyo, parokiani na kwenye sukursale, yaani vigango, zote tano: "Kila aliyebatizwa hapa tangu mwaka 1988 hadi 1996 alete kadi yake ya ubatizo ofisini." Wiki mbili, kadi tisa. Nilidhani watu hawajali. Rais wa shirika moja, yaani jumuiya ndogo ya waamini majirani, ndiye aliyenifumbua macho: watu walielewa kwamba ofisi inakusanya kadi ili kuona nani hajalipa zaka, na kwamba kadi itazuiliwa mpaka deni liishe. Na kusema kweli hofu hiyo haikutoka hewani.

Baba paroko akakubali tangazo liandikwe upya, nalo likasomwa kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya Washi wa huku kwetu: "Kitabu chetu kimelowa. Hakuna anayedaiwa. Hakuna malipo. Kadi haichukuliwi: inapigwa picha mbele yako na inarudi mkononi mwako palepale." Tena hatukungoja waje. Marais wa mashirika 14 walipita nyumba kwa nyumba, kila mmoja na orodha ya namba zinazokosekana, wakifuatana na kijana mwenye simu. Kadi zilitoka ndani ya masanduku ya bati, katikati ya Biblia, nyingine zimeshonwa ndani ya kitambaa kwa sababu mwenyewe alikimbia nayo vitani mara mbili. Ndugu walio Kamituga, Bujumbura na Kinshasa walituma picha zao kwa simu. Kadi 230 kwa mwezi mmoja na nusu.

Sasa ule mpangilio wa namba. Ubatizo wa watoto wa katekesi hufanyika kwa makundi: Pasaka, Pentekoste, Kupalizwa kwa Bikira Maria. Ukiwa na kadi ya namba 212 na ya namba 231 na zote mbili zina tarehe moja na padri mmoja, basi wote walio katikati walibatizwa siku hiyo na padri huyo. Kinachokosekana ni jina, wazazi na msimamizi tu. Hapo unaenda kwa mzee katekista aliyefundisha mwaka ule, unamwomba daftari lake la mahudhurio. Wazee hawa hawatupi kitu. Mmoja alikuwa na madaftari yote tangu mwaka 1985, yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

Majina yana mtego wake. Jina moja la Kishi utalikuta limeandikwa Cirhuza, Tshirhuza na Chiruza, kadiri padri alivyosikia. Usisahihishe. Andika kama kadi ilivyo, na tofauti iwekwe kwenye safu ya maelezo. Tena sheria ya Mobutu ya mwaka 1972 ilikuwa imeondoa majina ya Kizungu kwenye karatasi za serikali, ndiyo maana mtu wa mwaka 1988 anaweza kuwa na jina la mtakatifu kanisani na shuleni asiwe nalo. Waliokuja na kadi ya uchaguzi tu tuliwashukuru na kuwaomba watafute shahidi.

Kuhusu shahidi, kanuni ya 876 inasaidia: kama hakuna anayedhurika, ushahidi wa mtu mmoja asiye na shaka unatosha kuthibitisha ubatizo, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Msimamizi wake ni bora kuliko jirani. Lakini kijana mmoja alitaka tumpunguzie miaka minne kwa njia hiyohiyo, na mwingine alitaka jina la baba libadilishwe. Hapana. Tulichofanya ni kuokoa kilichoandikwa. Kubadili ni jambo la paroko na askofu, wala si la tochi yangu.

Kila tulichopata kiliingia kwenye daftari la pembeni lenye safu tano: namba, kinachosomeka kitabuni, kinachosemwa na kadi, nani ameileta, na alama. A ni kimesomeka kitabuni chenyewe, B ni kadi, C ni shahidi. Kitabu cha zamani hakikuguswa hata kwa nukta ya biki. Paroko alipitia ukurasa kwa ukurasa na kutia sahihi na muhuri kwenye daftari, nalo linakaa pamoja na kitabu daima.

Gharama yote, pamoja na mabati, karatasi, betri za tochi na vocha za simu, haikuvuka dola themanini. Mabati ndiyo yaliyokula nyingi.

Vitabu sasa viko kwenye kabati la chuma katikati ya ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua. Miguu ya kabati imesimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, mchwa hawapandi. Kila kitabu kimefungwa kitambaa cha pamba. Plastiki inafungia unyevu ndani. Kurasa zote zilipigwa picha kando ya dirisha, simu ikiwa juu sawasawa, bila mwanga wa simu, na picha ziko kwenye kadi mbili za kumbukumbu, moja hapa na nyingine Bukavu. Hazitumwi kwenye vikundi vya simu, maana kitabu cha ubatizo kina siri za familia za watu.

Zile namba 11 zinasomwa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mwishoni mwa matangazo, pamoja na tarehe ya ubatizo na jina la sukursale. Mwezi uliopita zilikuwa 12. Mama mmoja kutoka Nyangezi, aliyekuja matanga tu, alisikia tarehe ya Pentekoste ya mwaka 1993, akasimama kwenye benchi lake.