Batavia ya Lelystad Machoni mwa Fundi wa Wete

Nilipopata safari ya mafunzo Uholanzi, niliitenga siku yangu ya mapumziko kwenda Lelystad, mji uliojengwa juu ya ardhi ambayo Waholanzi waliikausha maji katika karne iliyopita, ili nikaione merikebu iitwayo Batavia. Batavia ya kwanza iliundwa Amsterdam mwaka 1628 kwa ajili ya Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Nakala yake ilianza kuundwa mwaka 1985 chini ya fundi Willem Vos, aliyewachukua vijana wasiokuwa na ajira akawafundisha kazi hiyo, na ilishushwa majini mwaka 1995. Ina milingoti mitatu na urefu wa takriban mita 56.

Niliporudi Pemba, nilikwenda kumwonyesha picha mjomba wangu, ambaye ameunda majahazi na mashua hapa Wete tangu ujana wake. Nilidhani atashangazwa na mizinga au na michoro ya rangi iliyojaa kwenye shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Hakuvijali. Aliikaribisha simu machoni, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Walianza na mbao au walianza na mataruma?" Mataruma ni zile mbavu za chombo.

Swali hilo ndilo kiini cha merikebu ile. Mjomba, kama alivyofundishwa na baba yake, hulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kwanza, kisha hupandisha mbao moja baada ya moja kwa kipimo cha jicho, na mataruma huja baadaye kulifuata umbo ambalo limekwisha kupatikana. Mafundi wa Amsterdam wa karne ya 17 nao walikuwa wakizipanga mbao za chini kabla ya mataruma, wakizishikiza kwa vipande vidogo vya mti vilivyogongomelewa kwa muda. Kwa kuwa jicho na mkono ndivyo vilivyopima, hawakuwa wakifuata michoro ya karatasi, na ndiyo maana waliotaka kuirudisha Batavia karne tatu na nusu baadaye walilazimika kurejea maandishi ya zamani, kikiwamo kitabu cha Nicolaes Witsen cha mwaka 1671, na kubahatisha mengine kwa tezo mkononi. Hata matawi waliyachagua kama tunavyoyachagua sisi: wao walitafuta mwaloni uliopinda wenyewe tangu msituni, na mjomba hutafuta mfenesi uliopinda shambani. "Basi hao mafundi wenzetu," alisema, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kisha akataka kujua chombo kikubwa namna hiyo kilikwenda kwa kaskazi au kwa kusi. Nilimweleza kuwa hakikutegemea hata mmoja kati ya pepo hizo. Tangu Hendrik Brouwer alipoijaribu njia mpya mwaka 1611, merikebu za Kampuni zilipovuka Rasi ya Tumaini Jema zilishuka kusini zaidi, zikabebwa na pepo kali za magharibi moja kwa moja kuelekea mashariki, kisha zikakata kaskazini kuelekea kisiwa cha Java. Pwani yetu waliiacha mbali sana. Tatizo ni kwamba hapakuwa na njia ya uhakika ya kujua umekwenda mashariki kiasi gani, na nahodha aliyechelewa kugeuka alikuta miamba ya Australia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Batavia ya kwanza, iliyopanda mwamba kwenye visiwa vya Houtman Abrolhos alfajiri ya tarehe 4 Juni 1629, ikiwa katika safari yake ya kwanza. Mkuu wa msafara, Francisco Pelsaert, alipoondoka na mashua kutafuta msaada, mfanyabiashara mmoja wa Kampuni, Jeronimus Cornelisz, aliongoza genge lililowaua zaidi ya watu 100 miongoni mwa walionusurika, wanawake na watoto wakiwamo. Mjomba alisikiliza hayo bila kusema neno. Alichangamka nilipomwambia kuwa merikebu ilikuwa imebeba mawe ya kuchonga ya lango la ngome, ambayo njiani yalifanya kazi ya farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo.

Wakati tunazungumza, karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi mbele yetu. Merikebu kama ile ziliundwa kufuata vitu hivyo hivyo. Kampuni ilifika hadi ya kuifyeka mikarafuu katika visiwa vingine vya Maluku, Indonesia ya leo, ili zao libaki kisiwa cha Ambon, mikononi mwake. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikiwa kupata miche ikafika Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikawa imefika Unguja na Pemba, ambako mashamba yalilimwa na watumwa. Kwa hiyo sina ujasiri wa kuwanyooshea kidole Waholanzi peke yao. Ngama, yaani sehemu ya chini ya kuwekea shehena, ya Batavia niliyoiona Lelystad ilikuwa safi na tupu, ikinukia lami.

"Na inakwenda?" aliuliza mjomba mwisho. Nilimwambia kuwa mwaka 1999 ilipelekwa Sydney kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya mwaka uliofuata, na kwamba bahari yote hiyo iliivuka ikiwa imepakiwa juu ya chombo kingine.

"Merikebu ikapakiwa?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniomba nimrudishie ile picha ya usukani.