Nilivyotoboa Boneti ya Escudo Yangu kwa Gharama Ndogo

Gari yangu ni Suzuki Escudo ya petroli yenye boneti ya chuma kama ilivyotoka kiwandani, na safari yake kubwa hapa Unguja ni kati ya Mjini na Makunduchi. Kwenye msongamano wa Mwanakwerekwe gari hutambaa, upepo wa mbele hupungua nguvu, na hewa ya moto hubaki imefungiwa juu ya injini, ndiyo maana niliamua kuitobolea boneti matundu ya kuitoa. Kabla ya kukata chochote nilihakikisha kwamba rejeta ni safi, kifuniko chake kinashika presha, thamostati (vali inayopitisha maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) inafunguka na feni inazunguka ipasavyo, kwani matundu ya boneti hayaponyi mfumo wa kupoozea injini ulioharibika.

Kilichonishughulisha zaidi ni mahali pa kutoboa. Gari inapokwenda kasi, mgandamizo wa hewa huwa mdogo kwenye sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya ukingo wake, na huwa mkubwa chini ya kioo cha mbele; kwa hiyo tundu lililo karibu na kioo linaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Vijana wengi hulitamani tundu la Subaru Impreza WRX, lakini lile limeelekezwa mbele kwa sababu kazi yake ni kuipelekea intakula (kipozeo cha hewa inayosukumwa na tabo kuingia kwenye injini) hewa baridi. Mimi nilitaka hewa itoke, hivyo nilichagua nafasi iliyo nyuma tu ya rejeta, mapezi (vibati vilivyoinama vya kufunika tundu) yakielekea kwenye kioo.

Mapezi yenyewe niliyapata kwenye boneti chakavu ya gari nyengine. Nilitaka ya chuma kwa makusudi, kwa sababu alumini ikigusana na chuma katika hewa yetu ya chumvi huliwa upesi. Fundi bodi wa mtaani kwetu, mtu mzima ninayemwita Ami, aliinua boneti, akapitisha kidole kwenye mbavu za ndani, akaniambia: "Mwanangu, bati la juu kata, lakini ubavu usiuguse, ndio unaoizuia boneti isitetemeke." Tulichora kigezo kwenye boksi, tukakipima kutoka mstari wa katikati ili pande zote mbili zilingane, kisha tukatoboa tundu la mviringo kwenye kila pembe, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Injini tuliifunika kwa shuka kuukuu, tukakata kwa msumeno mdogo wa umeme, na makali yote tukayalainisha kwa tupa.

Penye bati lililokatwa ndipo kutu huanzia, hivyo hapo sikubana matumizi. Nilipaka rangi ya kuzuia kutu nje, ndani na kwenye unene wa bati, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikatia silikoni na kupiga ribiti (vipini vya chuma vya kubania bati). Kwa ajili ya masika nilikunja bati jembamba chini ya kila tundu, likiinama pembeni ili maji yasidondokee altaneta wala koili.

Sindano ya joto haikubadilika sana, kwani thamostati ndiyo inayoipangia. Hata hivyo, gari ikisimama na feni ikiwaka, kiganja kikiwekwa juu ya mapezi huhisi hewa ya moto ikisukumwa nje. Mvua zilipokwisha nilifungua ribiti za upande mmoja kukagua: rangi ilikuwa haijabambuka, na kutu haikuwepo.