Nilivyoacha kusanidi tranki ya SIP kwa mkono

Nasimamia simu za intaneti za kampuni yenye ofisi kadhaa, na zamani kila tulipounganishwa na mtoa huduma mpya kwa tranki ya SIP, yaani njia ya kupitisha simu kati yetu naye kupitia intaneti, nilitumiwa faili ya PDF yenye anwani za seva, orodha ya kodeki (njia za kusimba sauti) na masharti ya usalama, nikakaa nayo mbele ya kifaa cha mpakani, kinachosimama kati ya mtandao wetu na wa mtoa huduma, nikijaza kipengele kimoja baada ya kingine. Itifaki ya SIP, yaani kanuni za kuanzisha na kukata simu hizo, iliyowekwa katika RFC 3261 ya mwaka 2002 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti), inaacha mambo mengi kwa hiari ya mtumiaji, kwa hiyo pande mbili zinaweza kuifuata barabara na bado zisielewane.

Lililonisumbua zaidi ni suala la vitufe. Simu iliingia, sauti ikasikika vizuri pande zote, lakini mpigaji alipobonyeza 2 ili apelekwe idara ya malipo, mfumo wetu haukutambua chochote. Nilipoufungua ujumbe wa INVITE, ule unaoanzisha simu, niliona kwamba upande wa pili haukutangaza telephone-event ya RFC 4733, yaani njia ya kupeleka vitufe kama taarifa za pekee badala ya milio, ambayo sisi tuliitegemea. Milio ya vitufe ilipita ndani ya sauti yenyewe, na PDF haikugusia hilo hata kwa neno moja.

Nilipata mwelekeo kutoka kwa kikundi kazi cha ASAP cha IETF (jumuiya inayotunga viwango vya intaneti), ambacho wazo lake ni kwamba mtoa huduma atangaze uwezo wa mtandao wake katika hati inayosomwa na mashine, nacho kifaa cha kampuni kiichukue kwa HTTPS. RFC 9409 ya mwaka 2023 imeweka namna ya kuitambulisha anwani ya hati hiyo. Mtoa huduma wetu hakuwa nayo, lakini alikubali maelezo yake yaandikwe katika JSON (muundo wa maandishi ambao programu husoma kwa urahisi) na kuwekwa kwenye seva yake.

Programu niliyoandika huisoma hati hiyo, huilinganisha na usanidi uliopo, kisha hunionyesha tofauti: TLS (usimbaji wa mawasiliano) kwenye poti 5061, mpangilio wa kodeki, namna ya kupitisha vitufe, namba za E.164 (mfumo wa kimataifa wa namba za simu) zenye alama ya kujumlisha au zisizo nayo. Haibadilishi kitu kabla mtu hajaidhinisha, na kwa maoni yangu hapo hapafai kulegezwa, kwa sababu badiliko moja linaweza kuzima simu za ofisi zote. Nywila hazimo kwenye hati, zinahifadhiwa kwingine.

Baada ya kuidhinisha, hupigwa simu za majaribio, ikiwemo moja inayozidi dakika 30, kwa kuwa muda wa kikao (simu isipohuishwa kabla haujaisha hukatwa) unaopendekezwa na RFC 4028 ni sekunde 1800, na kasoro ya kuuhuisha haionekani katika simu fupi. Namba za dharura sijaziingiza katika utaratibu huo; hizo nazijaribu mwenyewe, baada ya kupatana na wanaozipokea.