Imbwa mukali na mulango wenye kubaki wazi

Siku ya mungu yenye ilipita tulibishana sana kwetu hapa Katuba. Rotwela, imbwa moja kubwa, ya jirani wa avenyu ya nyuma ilitoka, ikaangusha mama mwenye kuuzisha mikate na kumushika mukono. Kufika mangaribi avenyu nzima ilikuwa inasema neno moja tu: hizi imbwa kubwa za babosi zikatazwe mu Lubumbashi, rotwela, pitbul, boerboel, zote, mwenye kukutwa nayo bamunyanganye. Vijana balikuwa tayari na fimbo mbele ya mulango, banataka kuingia kuiua. Yaya wangu mukubwa njo alikuwa anapiga kelele kupita bote. Na mimi, mwenye niko na batoto batatu benye kupita pale kila asubui kwenda ku masomo, nikasimama mbele ya ule mulango na kusema hapana, musiiue, muifunge mwihesabie siku 10. Bantu baliniangalia sawa mutu wa kichwa kibaya. Sikupata nafasi ya kueleza, basi naeleza hapa.

Miaka mbili imepita, mutoto wangu wa pili aliumwa na imbwa. Haikuwa rotwela. Kalikuwa kaimbwa ka kienyeji ka rangi ya udongo, kanaitwa Bobi, kalikuwa kanalala mbele ya duka na kila mutu anakatupia mifupa, hata kilo 15 sizani kama kalifika. Kalimuuma chini ya goti, vidonda viwili vidogo, damu kidogo. Mbele nifike, vijana bakawa bameshakaua na mawe na kwenda kukatupa mbali, na mimi nikabashukuru sana. Tukapakaa mafuta ya mawese pa kidonda, tukafunga kitambaa, tukaenda.

Ku lupitalo neno ya kwanza ya munganga ilikuwa: imbwa iko wapi? Nikajibu kwa furaha, balishaiua. Akashika kichwa. Akanieleza polepole, imbwa yenye imeuma mutu na inaonekana muzima banaifungaka na kuichunga siku 10, kama siku 10 zinaisha na iko inakula, inakunywa, haina shida, basi siku yenye iliuma haikukuwa na raji mu mate yake (raji njo ile ugonjwa ndugu zetu ba Tanzania banaita kichaa cha mbwa). Imbwa yenye imekufa na kutupwa haijibu kitu. Akauliza tena, mulisukula kidonda? Mafuta ya mawese haikuwa dawa, ilifaa sabuni na maji yenye kutiririka, dakika 15 nzima, mbele ya kupanda hata pa pikipiki. Sikujua. Nilisoma, niko na kazi, niko na telefone, na ile sikujua.

Kisha njo ikaanza kutafuta chanjo. Pale haikukuwa. Nikazunguka farmasi kwa farmasi, moja banasema rudi kesho, ingine banataja bei ya dola yenye ilinikalisha chini, na ule wakati wote naangalia mutoto anacheza na najua kitu moja: raji ikishaonyesha dalili, karibu hakuna mwenye kupona. Tuliipata. Alifanya shindano zote mpaka ya mwisho na leo iko muzima anacheza mupira. Lakini zile masiku sitazisahau.

Kwa hiyo mutu akiniambia hatari iko mu aina ya imbwa, narudia kwa Bobi. OMS, shirika ya afya ya dunia, inahesabu bantu karibu 59,000 benye kufa na raji kila mwaka, karibu bote Afrika na Asia, kwa 10 karibu 4 ni batoto benye hawajafika miaka 15. Na karibu kila mara ni imbwa njo ilibapa. Raji haichague aina, inaangalia tu kama imbwa ilichanjwa. Bamunganga banasema ukichanja imbwa 70 kwa 100 ugonjwa inakosa njia ya kutembea. Sheria ya kukataza rotwela haitachanja hata Bobi moja.

Yaya aliniambia, mbona kwa bazungu banakatazaka? Ni kweli, na nilienda kusoma. Uingereza iliweka sheria mwaka 1991, ikakataza aina ine: pitbul, tosa ya Japani, dogo ya Argentina na fila ya Brazili. Mwisho wake? Bantu bakapenda aina ingine yenye haikukuwa mu ile liste, inaitwa XL Bully, kubwa, nguvu nyingi, ikaua bantu, na serikali ikaiongeza, kuanzia tarehe 1 Februari 2024 huwezi kukaa nayo Uingereza bila karatasi ya ruhusa. Zaidi ya miaka 30 banafukuzana na majina! Rotwela, yenye sisi tunaogopa hapa, haimo mu liste yao hata leo. Uholanzi nayo ilikataza pitbul mwaka 1993, na mwaka 2008 bakatangaza bataiondoa ile sheria juu bantu baliendelea kuumwa tu.

Sisemi imbwa zote ni sawa, na hapa yaya iko na haki kubwa. Boerboel moja inaweza kupita kilo 70. Bobi akiuma unapata vidonda viwili, ile ikishika mutoto anaweza kufa pale pale. Mwaka 2022 Afrika Kusini pitbul ziliua batoto, na bantu zaidi ya 100,000 balitia saini kuomba zikatazwe, nilisoma ile habari usiku na usingizi ikapotea. Na imbwa za vile zinaingia kwetu, wenye pesa banazitafuta Afrika Kusini kwa bei yenye ingelipa masomo ya batoto, halafu wanaandika pa mulango IMBWA MUKALI na basi, bamemaliza kazi.

Lakini muangalie vile tunazichunga. Mchana imbwa inafungwa na munyororo fupi chini ya bati, jua ya saa sita inaipiga, batoto benye kutoka ku masomo banatupa mawe pa mulango juu basikie ikibweka. Bengine banaipa pilipili, zamu (mulinzi wa mulango) anaipiga na fimbo juu ikuwe mukali. Bosi mwenyewe haonekane, imbwa inamujua zamu tu. Usiku inafunguliwa. Haijaonaka mutoto zaidi ya mawe yake. Halafu siku moja jeep inaingia, mulango ya lupango (kiwanja ya nyumba) inabaki wazi dakika mbili. Hii ya siku ya mungu ilitoka vile vile, mulango wazi kisha gari kuingia. Banasema zamu njo mwenye kosa. Ule zamu nani alimupa kazi, na nani alimufundisha kukaa na imbwa?

Mimi ningependa ile ya Wafaransa zaidi, kwa zile kubwa tu. Tangu 1999 kwao rotwela unaweza kukaa nayo, lakini mu barabara inakuwa na kamba na kitu ya kufunga mudomo, chanjo ya raji lazima, na kisha 2008 mwenyewe anasoma kwanza namna ya kuichunga mbele apate ruhusa. Mutoto chini ya miaka 18 haruhusiwe kuwa nayo.

Na kuna kitu bengi hatujue: sheria ya mwenye imbwa tuko nayo hapa Kongo tangu 1888! Artikle 261 ya kode sivile, kitabu ya tatu, inasema mwenye nyama (munyama) anajibu kwa ubaya yenye nyama yake ilifanya, ikuwe alikuwa anaichunga, ikuwe ilipotea ao ilitoroka. Ilitoroka! Haisemi rotwela, haisemi Bobi. Mulango ukibaki wazi, ni wewe.

Ile mama wa mikate alianza chanjo siku ile ile, tulimusukulia mukono na sabuni pa robine mpaka akachoka. Bamunganga balimuambia hawezi kungojea imbwa, aanze tu, na siku 10 zikipita na imbwa iko muzima batasimamisha shindano. Leo ni siku ya sita. Asubui nilipita kumuuliza zamu, akasema inakula bukari yake vizuri. Mwenye lupango hajakuja kumuona mama, na fakture ya lupitalo iko kwake mu sakoshi. Kesho kisha kazi tunaenda naye pa ule mulango, nimeandika ile artikle pa karatasi. Yaya atakuja na sisi. Angali anasema zikatazwe zote, lakini atakuja.